Deni la Picha: Dar hadi Nungwi na Kamera za Mikanda

Jumatano, Dar es Salaam

Kesho asubuhi tunavuka kwenda Unguja. Begi limefungwa na kufunguliwa mpaka zipu imechoka, maana kila mmoja wetu anaamini mwenzake kabeba vitu visivyo na maana. Tupo watatu. Wenzangu hawapendi majina yao yaandikwe, kwa hiyo nitawaita kwa kamera zao, kama tunavyoitana wenyewe. Bwana Zenit ana Zenit-E aliyoachiwa na baba yake, aliyesoma Moscow enzi za Usovieti akarudi nayo pamoja na koti zito ambalo Dar halikupata kazi. Dada Yashica ana Yashica Mat-124G, ile ya lenzi mbili zilizokaa juu na chini, aliyoinunua studio moja ya Moshi ilipofunga. Mimi ni mtu wa Pentax K1000, kamera isiyo na mbwembwe. Ilitengenezwa kuanzia 1976 hadi 1997 karibu bila kubadilishwa kitu. Betri yake ikifa unapoteza kipima mwanga tu, mengine yote yanaendelea na kazi.

Betri ndiyo iliyotuweka mjini leo. Yashica ya Dada iliundwa itumie betri ya zebaki ya volti 1.35, na betri za zebaki zimeondolewa sokoni kwa sababu ya sumu yake. Ukiweka ya alkali ya volti 1.5, kipima mwanga kinaanza kudanganya. Dawa yake, kweli kabisa, iko duka la dawa: betri ya vifaa vya kusaidia kusikia, namba 675, inayotoa volti 1.4. Ni ndogo kuliko nafasi yake, basi inazungushiwa kipete ili isicheze. Muuzaji akamuuliza Dada kwa huruma, "Ni ya bibi?" Akajibiwa, "Ndiyo kaka, bibi wa 1970."

Mikanda tuliyonayo ni HP5 Plus ya Ilford kwa nyeusi na nyeupe, na Kodak Gold 200 kwa rangi. Ya milimita 35 inatoa picha 36. Ile pana ya Yashica inatoa 12 tu, na ndiyo sababu Dada ni mtu mvumilivu kuliko sisi, au labda ni kinyume chake, aliichagua kwa kuwa ni mvumilivu. Bei ya mkanda mmoja siku hizi inalisha nyumba. Hatupigi ovyo.

Mzigo unaonitia wasiwasi, hata hivyo, ni bahasha ya kaki iliyo juu ya meza. Ndani mna picha za watu wa Nungwi tuliowapiga mwaka jana. Mtu ukimpiga kwa simu anainama kutazama kioo, anacheka, mmemalizana. Kwa mkanda huna cha kumwonyesha. Anabaki na neno lako tu, na wenye umri wanakumbuka wapigapicha wa mtaani waliopokea nusu ya malipo kisha wakaingia mitini na mkanda wao. Ndiyo maana ukitokea na kamera ya zamani, swali la kwanza halihusu kamera. Ni: "Utaileta lini?"

Alhamisi, baharini, kisha Forodhani

Bandarini mizigo inapitishwa kwenye mashine ya eksirei. Kwa mikanda ya kawaida, ya kasi (yaani wepesi wa kushika mwanga) ya 400 kushuka chini, mashine za zamani hazina madhara ya kuonekana ukipita mara moja au mbili. Zinazoua ni zile mpya za CT, zenye miale mikali zaidi, zinazowekwa viwanja vya ndege. Tukaomba mikanda ikaguliwe kwa mkono hata hivyo. Askari, mtu mzima, akamimina vikopo mezani, akachukua kimoja akakitikisa sikioni.

"Hivi bado vipo? Harusi yangu ilipigwa na hivi."

"Na picha zilitoka, mzee?" Bwana Zenit akauliza.

"Nusu. Nusu nyingine mpigapicha alisema zimeungua."

Tukacheka wote wanne. "Zimeungua" ilikuwa kauli ya kila mpigapicha. Wakati mwingine mfuniko ulifunguka kweli na mwanga ukaingia. Wakati mwingine mkanda haukuwahi kuwekwa kabisa, na watu walikuwa wakipigiwa mwanga wa flashi mtupu.

Kusi inavuma. Boti inainuka na kushuka, nusu ya abiria wamefumba macho, na chumvi imetanda kwenye kila kioo. Kamera zikabaki begini, isipokuwa Zenit, ambayo mwenyewe husema imeumbwa kwa vita. Kipima mwanga chake ni cha seleniamu, kile cha kioo chenye vijichomozo kama jicho la nzi kilichokaa usoni mwa kamera. Kinazalisha umeme wake chenyewe kutokana na mwanga, hakijui betri ni nini. Tatizo ni kwamba seleniamu huchoka kwa miaka. Cha Bwana Zenit kinaonyesha pungufu karibu stopu moja, yaani nusu ya mwanga uliopo, naye ameshakizoea kama mtu anavyozoea saa yake inayochelewa.

Jioni tulikuwa Forodhani. Vijana wanaruka kutoka ukutani kuingia baharini, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na mtindo wake. Hapa kipima mwanga hakina haja. Kanuni ya wakongwe inatosha: jua likiwa kali, weka f/16, tundu dogo la lenzi, na kasi ya shata, lile pazia linalofunguka na kufunga, iwe sawa na kasi ya mkanda. Kwa HP5 ya 400 hiyo ni f/16 na sehemu ya 1/500 ya sekunde. Jua likiinama unafungua lenzi, f/11, kisha f/8, na kasi unaiacha palepale kwa sababu kijana aliye hewani hatulii. Kamera hizi hazikamati mfululizo wa picha. Unavuta mkanda kwa kidole gumba, unasubiri, unafyatua mara moja. Nilipiga tano. Mtalii aliyekuwa pembeni yangu na kamera ya dijiti alipiga, kwa sauti niliyoisikia, mamia. Sina ugomvi naye. Lakini mimi nilijua mtindo wa kila kijana kabla hajaruka, kwa kuwa nililazimika kuwatazama kwanza.

Ijumaa, Mji Mkongwe

Asubuhi Barabara ya Kenyatta, Capital Art Studio. Mpenzi wa picha akifika Unguja asiingie humo, sijui alifuata nini. Ilifunguliwa 1930 na Ranchhod Oza, aliyejifunza kazi kwa Gomes, Mgoa aliyekuwa na studio hapa tangu karne ya 19. Baadaye mwanawe Rohit akaiendeleza. Kuta zimejaa picha nyeusi na nyeupe: mitaa, majahazi, gwaride, watu wazima wameketi wima kana kwamba pumzi ni ya kulipia. Oza alipiga picha za masultani, na baada ya Mapinduzi ya 1964 akapiga za serikali mpya. Watawala walipishana. Aliyebonyeza shata alikuwa yuleyule, na chumba cha giza kilekile.

Kilichonikalisha mbele ya ukuta ule ni Beit al-Ajaib, jumba la Sultan Barghash la 1883, likiwa zima na mnara wake. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake kubwa iliporomoka na mafundi wakapoteza maisha. Ukitoka studio ukashuka hadi Forodhani unaona jengo lililojeruhiwa. Ukirudi ndani unaliona limesimama. Siku ile fundi picha alikuwa anafanya kazi yake ya kila siku tu. Leo anayetaka kujua nguzo na roshani zilivyopangana atazame karatasi hizi.

Baada ya sala ya Ijumaa ukazuka ubishi wetu wa kila safari. Bwana Zenit anasema picha nzuri ya mtaani haiombwi. Ukiomba, mtu anajikausha. Dada Yashica anasema hapa ni kwa watu, na asiyetaka kupigwa, hasa mama aliye barazani kwake, hapaswi hata kulazimika kusema hapana. Mimi niko upande wa Dada, na sababu yangu moja niliipata kwa kumtazama akifanya kazi. Kamera yake huitazami kwa jicho moja kama mwenye bunduki. Unaishika tumboni, unafungua kifuniko cha juu, unainamisha kichwa, na ndani unaona picha iliyogeuzwa, kulia kuwa kushoto. Mbele ya mzee anayepigwa, ni mtu aliyeinama. Nimeona wazee wakikataa simu yangu kisha wakakubali Yashica, wakajiweka sawa kanzu na kofia. Mmoja wao leo alimwambia, "Wewe mwanangu una adabu, hebu ngoja nikae vyema."

Bwana Zenit amekaa kimya kwa saa nzima, jambo ambalo kwake ni kukubali.

Jumamosi, Michenzani

Watu wakija Unguja na kamera wanazunguka milango ya nakshi. Sisi leo tuliipa kisogo milango, tukaenda kwenye majumba marefu ya Michenzani. Ujenzi wake ulianza mwishoni mwa miaka ya 1960, chini ya mpango wa mji uliochorwa kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani Mashariki. Zanzibar ilikuwa ya kwanza Afrika kuitambua nchi ile, mwaka 1964. Majengo yenyewe ni zege, roshani kwa roshani, nguo zimeanikwa, madirisha yamefungwa kwa kila rangi ya mbao. Kwa mkanda wa nyeusi na nyeupe ni sikukuu: vivuli vimenyooka, mistari haiishi.

Mzee mmoja aliyeketi chini ya jengo akaiona Zenit, akasimama. "Hiyo ni ya Mrusi. Mie ninayo ya Mjerumani. Njooni."

Tukapanda ngazi. Kutoka kabatini akatoa mkoba wa ngozi, na ndani yake Praktica LTL ya kiwanda cha Pentacon, Dresden, aliyoachiwa miaka ya 1970 na Mjerumani aliyefanya naye kazi. Mwili ulikuwa safi. Shata ilifyatuka bila kusita. Ila nilipoinua lenzi kwenye mwanga wa dirisha, ndani mlikuwa na nyuzi nyeupe zimetambaa kutoka ukingoni hadi katikati. Kuvu. Ndilo balaa la pwani kwa kamera: unyevu na giza, nayo inaota juu ya kioo na mwishowe inakila. Haifutwi kwa kitambaa kwa sababu iko katikati ya vioo. Na mkoba wa ngozi, ambao kila mtu anadhani ni ulinzi, ndio unaoshika unyevu na kuitunza kuvu. Lenzi za pwani ziwekwe mahali pa hewa na mwanga. Mzee aliposikia akautazama mkoba wake kama mtu aliyegundua mgeni wake ndiye mwizi.

Hapo Bwana Zenit akafanya jambo ambalo nitalisimulia kila nikipata nafasi. Alifungua lenzi ya kamera yake, Helios 44-2, kwa kuizungusha kushoto, akaipachika kwenye Praktica ya Mzee kwa kuizungusha kulia. Ikaingia sawasawa. Kamera hizo mbili zinatumia skrubu moja, M42, ya kipenyo cha milimita 42, iliyoanzia huko huko Ujerumani miaka ya mwisho ya 1940. Warusi, Wajerumani Mashariki na hata Wajapani wakaitumia. Isitoshe, Helios yenyewe ni mtoto wa Biotar ya milimita 58, lenzi ya Carl Zeiss ya Jena, ambayo michoro yake Wasovieti waliichukua baada ya vita. Kwa hiyo lenzi ya Mrusi ilikuwa, kwa namna fulani, imerudi kwa wajomba zake, na kikao chenyewe kinafanyika ghorofani Michenzani.

Nikatoa HP5 moja tukaiweka. Mikono ya Mzee haikuuliza kitu. Ilikumbuka yenyewe, ikachomeka ncha ya mkanda, ikavuta, ikafunga mgongo wa kamera, ikavuta tena. Akamwita mjukuu wake. "Tulia, we mtoto, hii si simu." Mtoto akatulia. Mzee akapima, akashusha pumzi, akafyatua. Halafu mtoto akakimbilia nyuma ya kamera kutazama picha, akakuta mgongo mweusi. Alilalamika kwamba kamera ya babu imeharibika.

Mzee akapiga mkanda wote, roshani, majirani, sisi, kahawa. Akanikabidhi. "Basi mtanisafishia?"

Deni jingine.

Jumapili, Nungwi

Daladala hadi ncha ya kaskazini. Ufukweni mafundi wanaunda majahazi kwa zana zilezile: tezo ya kuchongea, keekee ya kutobolea, pamba ya kalafati ikigongwa kwenye nyufa za mbao. Nilifika na bahasha mkononi, na kabla sijafika kivulini mmoja akapaza sauti, "Hao, wa kamera ya kizamani! Wamerudi kweli!"

Picha zikapita mkono kwa mkono. Fundi mkubwa alishika yake muda mrefu, akaisogeza mbali, akaivuta karibu. "Huyu si mimi. Huyu ni marehemu baba." Wenzake wakabisha, wakachungulia, wakakubali: bila rangi, na tezo begani, ni baba yake mtupu. Kijana mmoja hakufurahi. "Mie nilitaka ya rangi." Nikamweleza uzuri wa nyeusi na nyeupe, akasikiliza kwa heshima hadi mwisho, akasema, "Sawa, lakini jezi yangu ilikuwa nyekundu." Ana haki yake. Nikamweka mbele ya jahazi nikampiga kwa Gold 200, jezi nyekundu na bahari nyuma. Picha ya binti muuza maandazi ilichukuliwa na shangazi yake, kwa kuwa mwenyewe kaolewa Pemba.

Nungwi ndipo kipima mwanga kinapotia watu hasara. Kipima hakijui mchanga ni mweupe wala uso ni mweusi. Kinadhani dunia yote ni ya kijivu. Ukikielekeza kwenye mchanga wa jua la saa sita, kinakwambia punguza mwanga, unapunguza, na fundi anatoka kama kisiki cheusi, macho na meno tu. Wapigapicha wengi wa nje wamerudi makwao na visiki vya namna hiyo. Njia yetu ni kupima kiganja. Viganja vya watu havitofautiani sana kama nyuso zinavyotofautiana. Geuza kiganja chako kielekee upande ule ule wa jua unaompiga mtu, pima hapo, kisha fungua lenzi stopu moja zaidi. Mkanda wa negativu, ule ambao picha yake hutoka kinyume, cheupe kuwa cheusi, unavumilia mwanga mwingi kuliko mwanga haba, hivyo ukisitasita, zidisha.

Si kipima peke yake. Kwa miongo mingi maabara za picha zilisawazisha rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke wa Kizungu, kadi waliyoiita Shirley. Ngozi ya huyo ikitoka vizuri, mashine imekaa sawa. Sisi wengine tulitoka tulivyotoka. Nikizifikiria albamu za nyumbani za utotoni mwangu, ambamo mashangazi wote wanaonekana wamepigwa usiku, siwalaumu tena wapigapicha peke yao.

Jumatatu, mjini

Mawingu, na umeme ulikatika. Tulizunguka maduka kutafuta mkanda wa akiba. Ulipatikana mmoja tu, Fuji ya rangi, muda wake uliisha 2008, umekaa rafu moja na viberiti. Mwenye duka alikataa pesa. Kanuni ya vilivyochakaa ni kuzidisha mwanga stopu moja kwa kila miaka kumi hivi, lakini kwa mkanda ulioiva kwenye joto la Unguja sitegemei chochote. Bwana Zenit ameuchukua kwa furaha.

Alhamisi, Dar es Salaam, bafuni

Tulirejea juzi. Jana nililala. Leo nimesafisha mikanda.

Dawa yangu ni D-76 ya Kodak, iliyoko tangu 1927, na HP5 ndani yake bila kuongezwa maji inataka dakika saba na nusu, kwa nyuzi joto 20. Nyuzi 20! Maji ya bomba la Dar, hata huu Julai, yako juu zaidi, na kila nyuzi inayozidi inafupisha muda. Muda ukishuka chini ya dakika tano, dawa haishiki sawasawa na anga linatoka na madoa. Kwa hiyo nagandisha chupa za maji usiku, nazitia kwenye beseni, na dawa inakaa katikati ya beseni hadi ipoe. Mkanda naupachika kwenye tangi nikiwa nimeingiza mikono ndani ya mfuko mweusi, kwa kupapasa, jasho likinitiririka. Kisha dawa, kutikisa sekunde kumi kila dakika, maji, dawa ya kukazia, maji mengi. Kwa mikanda ya rangi mambo yanageuka: dawa zake zinataka nyuzi 38 kwa dakika tatu na sekunde kumi na tano, na hapo joto la Dar limeshanifanyia nusu ya kazi.

Yaliyotoka: vijana wa Forodhani, wawili kati ya watano wako hewani hasa. Kijana wa jezi, nyekundu inayopiga kelele, atafurahi. Mzee wa kanzu kwenye Yashica ni picha bora ya safari yote, nasema hivyo bila wivu mkubwa. Fuji ya 2008 ilitoa ukungu wa zambarau na kitu ambacho Bwana Zenit anasisitiza ni punda.

Na mkanda wa Praktica. Shata haikukosa hata fremu moja. Mjukuu amekaa katikati, jicho kali kabisa, na nyuma yake nguo za roshani zimezunguka kwa ule mzunguko ambao Helios ikiachwa wazi f/2 huufanya. Wengine tunatafuta picha ya namna hiyo kwa miaka.

Sasa tunabishana. Dada Yashica anasema Mzee apelekewe picha na negativu zote, maana kamera yake, jicho lake. Bwana Zenit anasema lenzi ilikuwa yake na anataka fremu ile ya mjukuu ibaki huku. Nimewakumbusha kwamba mkanda ulikuwa wangu, wakanitazama wote wawili kama mtu aliyeingilia kikao cha ukoo. Tumepiga kura. Negativu zinavuka na Dada wiki ijayo, pamoja na ile lenzi ya Praktica ya Mzee, tuliyokuja nayo, ambayo fundi wa Kariakoo amekubali kuifungua aitazame ile kuvu, bila kuahidi kitu. Mkoba wa ngozi Mzee ameambiwa auning'inize ukutani.